Jina la Nyamizi Halikupita

Nta ya nyuki ikiyeyushwa hunuka kwanza kama maua, kisha kama moshi, na ukiisahau jikoni hunuka kama nywele zilizoungua. Harufu hiyo ndiyo nyumba ya Nyamizi binti Mhoja, Igalula, nyuma ya stesheni, mlango wa pili kutoka kisimani. Hata leo hapa Tabora mjini, jirani yangu Salumu akichemsha nta zake uani, mkono wangu wa kulia unapanda wenyewe kichwani kushika ngata, kumbe kichwani sina mzigo, nina ushungi na mvi tu. Nyamizi alikuwa mdogo wake mama yangu, nami nilimwita mama mdogo. Mimi ni Kashindye binti Rajabu. Niliwafuata mapacha tumboni mwa mama, na kwetu anayewafuata Kulwa na Doto huitwa hivyo. Shule nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Lakini jina la mtu likishaingia masikioni mwangu halina mlango wa kutokea. Nayasema haya mapema msije mkasema bibi kazeeka, anachanganya mambo. Sichanganyi. Nina hasira, na mwenye hasira hasahau.

Baba yangu alikuwa kibarua wa genge la reli, kwa hiyo tulikua kwa saa za treni. Gari la abiria lilisimama Igalula kidogo tu, na katika kidogo hicho Nyamizi alikuwa watu watatu. Nilimfuata na beseni la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama ngozi, yeye akiwa na chupa za asali. Kwenye mabehewa ya daraja la tatu alikuwa shangazi wa kila mtu. "Mwanangu, mbona umekonda hivyo, nani anakulisha huko? Chukua matobolwa, utafune mpaka Dodoma!" Akifika daraja la pili mgongo unanyooka, sauti inashuka, anakuwa mke wa sheikh mwenye haya zake. Daraja la kwanza hakusema neno. Aliinua chupa juani, asali ikawaka kama kaa la moto, akangoja. "Wenye nazo hawaitwi, Kashindye," aliniambia. "Wanaoneshwa." Treni ikishaondoka ndipo karamu yetu inaanza. Atawaiga wanunuzi wote, mmoja mmoja, hata yule aliyeonja asali kwa kidole akakataa kununua, mpaka tunakaa chini kwenye kokoto tukishika mbavu.

Kiangazi kimoja, tumbaku ikiwa imeshauzwa na miombo imeanza kutoa majani mekundu, wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Mwongozaji wao jina lake nalijua, na la baba yake nalijua. Silitaji. Naye aonje kidogo kutotajwa. Alikuwa kajiegemeza dirishani akifuta miwani, Nyamizi naye kule chini akaanza kufuta miwani asiyokuwa nayo, vilevile, na pumzi ya kupuliza kioo, mpaka behewa zima likacheka. Yule bwana akashuka.

"Mama, unaweza kuigiza?"

"Kuigiza ndiyo nini?"

"Kujifanya mtu mwingine."

"Kwani baba, huyu anayekuuzia asali unadhani ndiye mimi?"

Ndivyo alivyoingia kwenye sinema, kwa kujibu. Filamu iliitwa Frasila Saba, habari za msafara wa pembe kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo kupitia Tabora, ile njia ambayo babu zetu waliikanyaga mpaka ikawa mfereji. Steringi wa kike alitoka nao Dar. Huyo ametajwa vya kutosha, sina ugomvi naye, alikuwa binti mpole na alitugawia biskuti. Nyamizi alipewa kuwa mke wa mpagazi, mwanamke anayebeba vyungu na mikeka nyuma ya mumewe, anaugua, anaachwa njiani. Sisi wa Igalula tukapewa kuwa msafara. Nilivikwa kaniki, nikabebeshwa kibuyu, nikaambiwa nisitazame kamera. Kumi nilikuwa bado sijatimiza.

Siku ya kwanza tu moto ukawaka. Msafara ulifika kambini, mwongozaji akasema wekeni mizigo, steringi akautupa wake chini, pu, vumbi likaruka. Nyamizi akapiga kelele kama aliyeona nyoka. "Wee binti! Mzigo haulazwi!" Akatoka kwenye mstari, akauchukua ule mzigo, akausimamisha kwenye shina la mti, akauzuia na gongo lenye panda. Babu yake, mzee Sizya, alikuwa mpagazi wa kweli, kaenda pwani na kurudi mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Alimfundisha kwamba mzigo huegemezwa mtini, ili mwenye nao ainame tu, auingie, ainuke nao peke yake, maana aliyechoka hawezi kunyanyua kitu kutoka ardhini, na mwenzake pia kachoka. Mzigo uliolala chini ni wa maiti. Mwongozaji akakunja uso. "Mama, hapa nani anaongoza?" Nyamizi akajifuta vumbi. "Filamu ongoza wewe, baba. Mzigo naujua mimi." Mpiga picha akacheka, ikabidi mkubwa naye acheke, na kuanzia siku hiyo mizigo yote ikaegemezwa. Shikeni hilo, nitalirudia.

Ikafika siku ya kufa kwake. Hakuna aliyemwambia afanye nini, aliambiwa tu kaa chini, msafara unapita, usilie. Alikuja akipepesuka, akafika penye mti. Filamu nzima ameuegemeza mzigo wake. Safari hii akaulaza. Taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Akafungua ngata kichwani, akaiweka juu ya mzigo, atakayefuata aikute. Akakaa. Nasi tukaanza kupita mbele yake, naye akamtazama kila mmoja wetu usoni, midomo ikicheza. Kwenye filamu pale pana ngoma tu, sauti yake haisikiki. Mimi nilisikia. Alikuwa anatutaja. "Shija. Kapipi. Mwanahamisi. Mabula." Nilipofika akasema, "Kashindye." Nusura niitike abee. Mkitazama vizuri mtaona kitoto kimeng'ata mdomo wa chini. Ndicho mimi.

Jioni, tukimenya viazi, nilimuuliza alikuwa anafanya nini. Hakucheka. Alisema mzee Sizya alimweleza kwamba aliyeachwa njiani huwataja wanaopita, mmoja baada ya mwingine, ili asitokee wa kufika nyumbani akasema, mimi sikumwona. "Ukitajwa, umeona," aliniambia. "Na aliyeona, atasema." Nikamenya kiazi changu, nikasahau. Hapana, sikusahau. Nilifikiri ni maneno ya wazee.

Siku ya kuondoka, karani wao alipita na daftari kuandika majina ya kuwekwa mwisho wa filamu. Aliandika la steringi, la mpiga picha, la dereva, hata la mzee Athumani mwenye punda. Alipotufikia sisi akafunga daftari. "Nyinyi wanakijiji mtaandikwa pamoja." Nyamizi akamshika mkono wa shati. "Mimi nimekufa humu ndani, mwanangu. Andika Nyamizi binti Mhoja. Binti Mhoja, usiache." Karani akafungua tena daftari, penseli ikatembea. Ilitembea. Kilichoandikwa Mungu anajua.

Mwaka uliofuata gari la sinema lilikuja, likatandika turubai jeupe kwenye uwanja wa shule, jenereta likanguruma, na giza lilipoingia tu Frasila Saba ikaanza. Sitasahau mguno ule. Nyamizi alipoulaza mzigo, kabla hajakaa, uwanja mzima uliguna kwa pamoja, watu wa Igalula, wa Tura, waliotembea kutoka vijijini na watoto mgongoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Shangazi wa mumewe, bibi Kalunde, alivua ndala akaitupa kwenye turubai akipiga kelele, "Msimwache! Nyie mbwa, msimwache!" naye Nyamizi mwenyewe kakaa hatua tatu kutoka kwake, mzima, anatafuna karanga. Hayo ndiyo makofi yake. Sijaona mwigizaji aliyepata makubwa kuliko ndala ya bibi Kalunde.

Kisha majina yakaanza kupanda. Nyamizi hakujua kusoma. Alinishika kifundo cha mkono, kiganja chake kinanata asali. "Kashindye, wewe ndiye msomi. Jina langu likipita, nibane." Nikasoma. Akapita steringi. Akapita mwongozaji, mara mbili. Akapita dereva, yule aliyekwama mchangani Tura tukamsukuma. Akapita mzee Athumani na punda wake. Halafu yakaja maneno matatu, Na wanakijiji wengineo, kisha turubai likawa jeupe.

"Limepita?"

Nilimtazama. Uso wake uko wazi kama sahani.

"Limepita, mama mdogo," nikasema. "Limepita haraka."

Akashusha pumzi. "Likoje? Refu?"

"Refu. Limejaa turubai lote."

Asubuhi yake watani walivamia. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tu watani tangu misafara ilipofika pwani. Mtani atakutukana, atachukua kitu chako, atakulilia msiba wa uongo, na hakuna baraza la wazee litakalosikiliza shauri lako. Bwana Kondo, mkata tiketi wa stesheni, Mzaramo wa Kisarawe, alikuja kajipaka majivu, nyuma yake vibarua wawili wanaomboleza kwa mbwembwe. "Marehemu yuko wapi tumzike? Jana tumemwona kaachwa porini kama kiatu kibovu!" Akabeba debe la asali. "Marehemu hauzi asali!" Nyamizi akatoka na mwiko. "Nyie Wazaramo hata maiti mnamwibia! Weka debe langu, au nitakuja kukufia chumbani kwako, mkeo akuulize!" Watu wakacheka mpaka machozi. Kondo akasema debe analitoa akioneshwa kuwa marehemu ana jina. Nyamizi akainua kidevu. "Jina langu liko mwisho wa sinema, limejaa turubai. Muulizeni Kashindye." Wote wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko ile ya Ujiji na Bagamoyo.

Walimwita tena Dar, mara tatu. Alikwenda kwa daraja la tatu akarudi kwa daraja la tatu. Kwenye Mke wa Karani yeye ndiye jirani anayekuja kuomba chumvi. Mume na mke wanagombana chumba cha pili, yeye kasimama na chumvi kiganjani, na kila neno baya likisemwa vidole vyake vinajifunga kidogo, mpaka mwisho ngumi imefumba na chumvi inadondoka pembeni. Ugomvi wote uko kwenye ile ngumi, wala hatuwaoni wagombanao. Kwenye Barua ya Posa ni bibi asiyejua kusoma, analetewa barua, anaigeuza, anainusa, kisha anasema, "Huyu mwanamume anavuta tumbaku mbaya." Mstari huo hawakumwandikia. Kwenye Mvua za Kupandia ni mama wa mtu aliyeshitakiwa. Kakaa nyuma kabisa mahakamani, anabandua vishona nguo, vile vimbegu vya porini vinavyonasa nguoni, kwenye kanga, kimoja kimoja. Hakimu anaposema miaka, mkono unasimama. Basi. Sehemu zake zote katika filamu nne ukizipanga pamoja hazifikii muda wa kuchemsha maharage, na mimi nawaambia hao masteringi wote wangeweza kuondolewa, filamu zikabaki zimesimama. Mwondoe Nyamizi uone. Na filamu zote nne mwisho wake ni ule ule, na wengineo, na wengineo. Na kila moja niliulizwa, "Limepita?" nami nikajibu.

Alifariki akiwa kwangu, hapa Tabora, mwezi wa masika makali. Siku zake za mwisho wadogo zangu walizungumza habari ya kibao cha kaburi. Akawasikia. "Msihangaike na kibao," alisema. "Jina langu liko kwenye sinema nne. Kashindye kalisoma." Na mimi hapo kitandani pake, mtu mzima, mama wa watoto watano, nikanyamaza. Tukamzika Igalula bila kibao, kama alivyotaka. Mvua zimeshalisawazisha lile kaburi. Nikienda nahesabu hatua kutoka msufi ule mwembamba, na mwaka jana hata sikuwa na hakika ni hapo.

Sasa nisikilizeni. Mwaka huu mjukuu wangu Zainabu aliniambia Frasila Saba imesafishwa, rangi zimerudishwa, inaoneshwa ukumbini hapa mjini, kiingilio bure, saa nane mchana. Nikavaa kanga mpya. Baada ya filamu, binti mwenye kipaza sauti, mwerevu, anasema vizuri, akaanza kutueleza tulichokiona. Akamsifu mwongozaji. Akasema, tazameni mizigo inavyoegemezwa mitini, huo ni utafiti mkubwa wa mwongozaji. Utafiti! Kisha akasema, "Na yule mama wa kijijini, asiyejulikana, mnaona midomo yake? Anaomba dua." Asiyejulikana. Magoti yangu yanauma, lakini siku ile yalinyooka yenyewe. Nikaenda mpaka mbele.

"Binti, nimesikia ukijitambulisha. Wewe Mzaramo?"

"Ndiyo bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mimi Mnyamwezi." Nikauchukua mkoba wake kwenye kiti, nikakaa, nikaukalia. "Mkoba nimeuteka. Utaupata ukilitaja jina nitakalokupa, na uwaeleze hawa kwamba mizigo ile aliiegemeza yeye, na kwamba haombi dua, anatutaja sisi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Binti naye akacheka, anajua utani, akapiga magoti. "Mtani, nisamehe, nauli yangu imo humo!" Nikamwambia jina. Akalitaja, mara moja, katikati ya makelele, halafu akasema, "Jamani, bibi zetu!" Wakapiga makofi. Wakanipiga picha. Kijana mmoja akataka niimbe. Nilirudi nyumbani nikidhani nimefanya kazi.

Siku mbili baadaye Zainabu akaja na simu, hataki kunitazama. Watu wameniona, maelfu, mpaka nje ya nchi. Nimekalia mkoba, watu wanacheka. Juu pameandikwa, Bibi mmoja Tabora avunja watu mbavu. Bibi mmoja. Na picha inakatwa pale pale, mdomo wangu unafunguka kumtaja Nyamizi, kwisha. Nikamwambia Zainabu airudishe. Akairudisha. Mdomo unafunguka, kwisha. Nikasema rudisha tena. Akasema, "Bibi, haina zaidi."

Watu wa njia ile hawakuwa na karatasi. Mzee Sizya hakuwa hata na kalamu ya kukwarua ukutani. Lakini mtu akiachwa mtini peke yake, anakufa akijua kuna wenzake wanaotembea na jina lake mdomoni mpaka kwao. Siku hizi kila mtoto ana kamera mfukoni. Mtu anatazamwa kutwa, anachekwa, anasifiwa, na ukiwauliza ni nani, wanakwambia mama mmoja, bibi mmoja, asiyejulikana. Anajulikana! Mlikuwa hamjauliza.

Waliopita mbele yake siku ile walikuwa Shija wa mzee Kapela, Kapipi fundi mizinga, Mwanahamisi binti Seif, Mabula aliyekuwa na kikohozi, Kulwa na Doto ndugu zangu, Ngolo wa kisimani, na wa mwisho ni mimi. Wote wameshatangulia mbele ya haki. Nimebaki mmoja niliyetajwa, na niliyeona. Kibao nimeshaagiza kwa fundi Hamisi, cha saruji, na herufi nimemchorea mimi mwenyewe kwa kidole mchangani asije akakosea. Na haya nimeyaandika hapa, kwenye kitabu, ambapo hakuna wa kukata mdomo ukifunguka.

Nyamizi binti Mhoja wa Igalula. Mke wa mpagazi katika Frasila Saba. Jirani wa chumvi katika Mke wa Karani. Bibi katika Barua ya Posa. Mama katika Mvua za Kupandia.

Limepita, mama mdogo. Na safari hii halikupita haraka.